Macho ya Mlinzi

Kulinda mji ni wajibu. Lakini mlinzi aliyeshikwa na hofu huwadhuru wale awalindao. Tazameni mambo ya Marekani.

Mwezi wa Aprili 1919 watu wa siri walipeleka kwa posta mabomu katika vifurushi kwa wakubwa wa nchi. Kimoja kilimkata mikono mtumishi wa nyumbani aliyekifungua. Karani mmoja wa posta ya New York alisoma habari hiyo gazetini, akakumbuka vifurushi 16 vya namna ile vilivyowekwa kando kwa kuwa stampu hazikutosha. Akarudi mbio kutoa habari, navyo havikuwafikia waliokusudiwa.

Mwezi wa Juni bomu lilipasuka mlangoni pa A. Mitchell Palmer, Mwanasheria Mkuu wa serikali. Ndipo hofu ikatawala. Januari 1920 walikamatwa watu maelfu, wengi wao wageni, na wengi pasipo hati. Palmer akaonya kwamba Mei 1 yatatokea maasi. Siku ikapita kwa amani. Louis Post wa Wizara ya Kazi akachunguza mashauri, akafuta amri zaidi ya elfu moja za kuwafukuza watu nchini.

Lakini Septemba 1920 bomu liliua watu zaidi ya 30 katika Wall Street, wala hakuna aliyehukumiwa kwa ajili yake.

Karani alitazama kifurushi. Palmer alitazama ugeni wa watu. Basi tusikiapo uvumi wa adui, na tuulize kwanza: limetendwa neno gani, na nani aliyeliona?