Vepu: Haina harufu ya tumbaku, lakini siyo mvuke wa maji

Sigara ya kielektroniki, maarufu kama vepu, haina majivu wala harufu ya tumbaku. Ndiyo maana kijana anaweza kuvutia chumbani na mzazi asishtuke.

Ndani kuna nini?
Betri inapasha moto kimiminika, kinageuka mvuke, unavuta. Mara nyingi kina nikotini, ile ile iliyo kwenye tumbaku inayosindikwa viwandani hapa Morogoro. Harufu ya embe haiiondoi.

Madhara yake
• Nikotini inaleta uraibu, inapandisha presha na kuharakisha mapigo ya moyo.
• Ubongo unaendelea kukua hadi miaka 25 hivi, hivyo kijana ananasa haraka.
• Kwa mjamzito, inaweza kumdhuru mtoto tumboni.
• Mvuke una kemikali zinazowasha mapafu.

Marekani, hadi Februari 2020, watu zaidi ya 2,800 walilazwa au kufa kwa ugonjwa wa mapafu uliotokana na vepu. Waliofariki walikuwa 68. Wengi walikuwa wamevuta vimiminika vya bangi. Uganda ilizipiga marufuku kwa sheria ya 2015.

Ufanye nini?
Kifua kinabana, kikohozi hakiishi au unakosa pumzi? Acha kuvuta, wahi hospitali, na usimfiche daktari kwamba unatumia vepu.