Watoto wa Kuokotwa wa London

Foundling Hospital ya London ilianzishwa kwa hati ya Mfalme George II mwaka 1739, ili kuwalea watoto wachanga waliotelekezwa. Mwasisi wake, Thomas Coram, alikuwa nahodha aliyestaafu. Katika safari zake za kuingia mjini alizoea kuwaona vichanga wametupwa kando ya njia, wengine wangali hai, wengine wamekwisha kufa. Kuipata hati hiyo kulimchukua miaka 17 ya kubisha hodi kwa wakubwa. Mambo yalianza kufunguka pale tu alipowageukia wanawake wa koo za kikabaila, nao wakakubali kutia saini ombi lake.

Watoto 30 wa kwanza walipokelewa usiku wa tarehe 25 Machi 1741. Muda si mrefu akina mama waliofika mlangoni wakazidi nafasi zilizokuwapo, na mwaka 1742 ikaanzishwa bahati nasibu. Mama aliingiza mkono ndani ya mfuko na kutoa kijimpira cha rangi. Cheupe kilimpa mtoto nafasi, mradi awe hana maradhi. Chekundu kilimweka mama akingoja, pengine mwenye cheupe angekataliwa. Cheusi kilimrudisha alikotoka, mwanawe mikononi.

Aliyepokelewa alibatizwa upya. Jina alilopewa na mama lilifutika, na watoto wawili wa mwanzo waliitwa Thomas na Eunice Coram, kwa majina ya mwasisi na mkewe. Ili mama aweze kumtambua mwanawe iwapo angerudi, karani alibandika kwenye karatasi ya mapokezi kipande cha kitambaa, mara nyingi kilichokatwa kwenye nguo ya mtoto mwenyewe. Maelfu ya vipande hivyo vimehifadhiwa hadi leo. Kimoja kimeshonwa kwa viraka na kutariziwa moyo kwa uzi mwekundu, kisha kikakatwa katikati. Mama mmoja, Sarah Bender, aliondoka na nusu ya kitambaa hicho mwaka 1767, akimwacha mwanawe Charles, na mwaka 1775 akarudi kumchukua. Wakati huo mtoto alikuwa akiitwa Benjamin Twirl. Waliobahatika hivyo walikuwa wachache mno: kati ya watoto 16,282 waliopokelewa kuanzia 1741 hadi 1760, waliorudiwa na wazazi walikuwa 152 tu.

Miaka ya kutisha zaidi ilikuwa ile ya 1756 hadi 1760. Bunge lilitoa fedha kwa sharti kwamba asikataliwe mtoto yeyote. Wakaletwa karibu 15,000, wengine kutoka mikoa ya mbali, na theluthi mbili hivi wakafa. Waliosalimika walinyonyeshwa na wanawake wa mashambani waliolipwa kwa kazi hiyo, na walipofika miaka mitano hivi wakatenganishwa nao, wakarejeshwa London. Baadaye wavulana wengi walipelekwa kujifunza kazi, zikiwamo za baharini, na wasichana wakawa watumishi wa nyumbani.

Mwaka 1837 Charles Dickens alihamia Doughty Street, jirani na Foundling Hospital, na huko ndiko alikomalizia Oliver Twist, riwaya ya yatima anayepewa jina na ofisa anayefuata tu mpangilio wa alfabeti. Kutoka hapo yatima wa Kiingereza aliingia kwenye sinema, na David Lean aliitengeneza riwaya hiyo kuwa filamu mwaka 1948. Nao watoto wa Foundling Hospital wenyewe walihamishwa kutoka London mwaka 1926, na malezi ya bweni yakakoma mwaka 1954.

Mwaka 2004 lilifunguliwa jumba la makumbusho la watoto hao. Mwaka huohuo ikatoka filamu ya Kimarekani Lemony Snicket's A Series of Unfortunate Events, ambamo Jim Carrey ni Count Olaf, mlezi anayewinda urithi wa yatima watatu. Wapo wanaoiona imezidi giza kwa filamu ya familia. Lakini yatima hao, Violet, Klaus na Sunny, wanabaki na jina la baba yao, mali yao na, zaidi ya yote, wanabaki pamoja. Ukiilinganisha na daftari za Foundling Hospital, filamu hiyo imewahurumia sana watoto wake.