Limbo: Wafua Chuma wa Kale wa Kisarawe

Mjini York, Uingereza, wachimbaji wa mtaa wa Coppergate (1976–1981) walikuta kuta za mbao na viatu vya ngozi vya zaidi ya miaka elfu moja. Udongo ule ni tope lisilopitisha hewa. Pwani yetu haina bahati hiyo: mchwa na mvua humaliza karibu kila kitu. Hubaki vigae na mavi ya chuma.

Basi Limbo, eneo la kiakiolojia katika pwani hii ya Tanzania, imejaa vyote viwili.

Felix Chami, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichimba hapa katika miaka ya 1980, wakati eneo likihesabiwa ndani ya Wilaya ya Kisarawe, na mwaka 1992 akachapisha matokeo katika jarida la Azania. Wenyeji wa karne za mwanzo baada ya Kristo walichoma mawe yenye chuma kwa mkaa huku mivukuto ikisukuma hewa kupitia mirija ya udongo. Taka iliyoyeyuka ilimwagika, ikaganda, ikatupwa. Wingi wake unaonyesha kazi kubwa, si ya mhunzi mmoja wa kijijini.

Vyungu vyao, vyenye michoro ya chale, ni vya mtindo wa Kwale, uliopewa jina la Kwale ya Kenya, alikochimba Robert Soper. Mafundi hawa walikuwapo karne nyingi kabla ya misikiti ya mawe ya Kaole na Kilwa. Vitabu vya zamani viliwapa nafasi ndogo mno.