Steringi Alipita Momella

Ukitoka Mnara wa Saa wa Arusha ukashika barabara ya Moshi, ukifika Usa River unachepuka kushoto. Ukishapita geti la Ngongongare la Hifadhi ya Taifa ya Arusha tu umeingia ndani ya sinema: watembeza wageni watakutajia John Wayne kabla hujauliza yule ni ndege gani. Mwishoni mwa 1960 mwongozaji Howard Hawks alileta kikosi chake Tanganyika, Wayne akiwa steringi, kupiga Hatari!, filamu ya watu wanaokamata wanyama na kuwauza kwenye bustani za ng'ambo. Ilitoka 1962, nchi ikiwa imeshajitawala.

Wayne hakuja kama mtu mgeni. Tangu Stagecoach ya 1939, alipocheza Ringo Kid, mfungwa aliyetoroka jela ili alipize kisasi cha ndugu zake, alikuwa mhalifu anayependwa kuliko polisi. Sinema za kaboi zilienea Afrika nzima. Kinshasa ya miaka ya 1950 ilikuwa na vijana waliojiita Bills, jina walilolitoa kwa Buffalo Bill, wakivaa na kutembea kama watu wa Texas. Huku kwetu kila mtoto aliyekaa kwenye benchi la mbele alijua kwamba steringi hafi.

Na kazi aliifanya. Hawks aliwataka waigizaji wenyewe wawafukuze wanyama, wakielekezwa na mkamataji wa kweli, Willy de Beer. Ukimwona Wayne amejifunga kwenye kiti mbele ya gari, upote mkononi, vumbi limejaa mdomoni, huwezi kumnyima haki yake. Lakini watazame na wengine waliomo. Mwafrika anashika kamba, anabeba, anacheka. Warusha wanapopewa nafasi yao, kazi ni kumpaka rangi mwigizaji wa Kiitalia, Elsa Martinelli, na kumwita Mama Tembo. Nyuma yao mbuga imetanda, tupu, kana kwamba tangu iumbwe haijakaliwa na mtu.

Mwaka 1965, kwenye mdahalo wa Chuo Kikuu cha Cambridge, James Baldwin alieleza mshtuko wa mtoto mweusi anayemshangilia Gary Cooper akiwaua Wahindi Wekundu, kisha siku moja akagundua kuwa wale Wahindi ni yeye. Mshtuko uliomhusu Wayne ulikuja 1971. Katika mahojiano na jarida la Playboy alisema anaamini utawala wa watu weupe hadi weusi waelimishwe vya kutosha kuwajibika. Tena huyu shujaa wa filamu nyingi za vita hakuwahi kulitumikia jeshi, hata wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Mwigizaji mwenzake katika Hatari!, Hardy Krüger, Mjerumani, alikuwa ameonja mapema machungu ya kugundua kwamba shujaa wake ni mhalifu. Alisomeshwa katika shule ya Adolf Hitler, na akiwa na miaka kumi na sita akapelekwa vitani katika kikosi cha SS. Baadaye alitumia maisha yake yote kuukana Unazi. Filamu ilipokwisha alinunua shamba Momella, walikopigia filamu, akakaa zaidi ya miaka kumi. Leo huko kuna Hatari Lodge.

Wageni wengi hugeuzia hapo. Barabara, hata hivyo, inaendelea hadi Ngare Nanyuki, kwenye mashamba ya nyanya, na huko ndiko ningewapeleka. Enzi za ukoloni, tume ya ardhi ya Jaji Mark Wilson ilipendekeza ardhi iliyo kati ya Meru na Kilimanjaro iwe ya walowezi kwa mfululizo, bila Waafrika katikati. Novemba 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa Ngare Nanyuki kwa nguvu, nyumba zikachomwa, ili zipatikane nafasi za mashamba 13 ya Wazungu. Kwa amri ya kuwahamisha, mtu aliyebaki kwenye boma la babaye ndiye aliyekuwa mhalifu. Miaka tisa tu baadaye kamera za Hawks zikafika jirani na hapo, zikaonyesha nyika isiyo na mwenyewe.

Kisasi cha Wameru hakikuwa cha bunduki. Walichanga fedha. Kwa kuwa Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, walikuwa na haki ya kulalamika huko, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York, akisaidiwa na wakili Earle Seaton kutoka Bermuda. Alisikilizwa na Baraza la Udhamini, kisha na Kamati ya Nne ya Baraza Kuu. Kwenye Baraza Kuu lenyewe azimio la kuwarudishia ardhi lilikosa theluthi mbili za kura. Steringi akashindwa, kitu ambacho Hawks asingekiruhusu.

Kirilo alirudi bila shamba hata moja, akazunguka nchini akiwahadithia watu kesi ile. Machi 1955, Nyerere aliposimama mbele ya Baraza la Udhamini kuisemea TANU, wajumbe walikuwa wameshamsikia Mtanganyika mmoja kabla yake, na alikuwa amekwenda kuwasemea watu wa jirani na Momella.