Duka la Omega na Mfumaji wa Kongo

Mnamo Julai 1913, mchoraji na mhakiki Roger Fry alifungua duka katika nyumba namba 33, Fitzroy Square, jijini London, akaliita Omega Workshops. Chini paliuzwa viti, meza, vyungu, mazulia na vitambaa vya kitani. Juu palikuwa na karakana. Wenzake katika uongozi walikuwa wachoraji Vanessa Bell na Duncan Grant.

Duka hilo lilizaliwa na njaa. Mwaka 1910 Fry aliwaonyesha Waingereza picha za akina Cézanne, Gauguin na Van Gogh, naye akadhihakiwa magazetini. Vijana waliofuata njia hiyo hawakupata wanunuzi. Omega iliwapa shilingi 30 kwa wiki, na hapakuwa na ruhusa ya kufanya kazi zaidi ya siku tatu na nusu, ili siku zilizobaki mtu azirudie picha zake. Sharti lilikuwa moja: hakuna kutia jina. Kila kitu kilibeba alama ya duka tu, yaani herufi ya Kigiriki Ω.

Hapa ndipo habari hii inapotuhusu sisi tuisomao Kongo. Katika dibaji ya orodha ya bidhaa zake, Fry anaanza kwa kumwalika mnunuzi atazame chungu au kitambaa kilichofumwa na mtu wa Kongo. Mnunuzi atakidharau kwanza kwa kukosa umaliziaji; lakini akikiweka kando ya vyombo vya Sèvres au mahameli ya viwanda vya Lyon, atatambua ndani yake furaha ya aliyekitengeneza. Sifa hiyo ni kubwa, na kwa wakati ule ilihitaji ujasiri. Hata hivyo, katika sentensi ileile Fry anamwita fundi huyo mshenzi. Zaidi ya hayo, alidhani kwamba furaha ya mfumaji haina haja ya jina, akataka wasanii wa London waige hali hiyo.

Hawakuiweza kwa muda mrefu. Oktoba 1913 Wyndham Lewis na wenzake watatu waliondoka kwa kishindo, wakimshutumu Fry kwamba aliwanyang'anya kazi ya kupamba chumba katika maonyesho ya Ideal Home. Ukweli wa shutuma hiyo bado unabishaniwa. Kwa maoni yetu, penye jina moja kwa wote, ugomvi wa nani alipewa kazi gani haukuepukika.

Vita vilipozuka, biashara ilidhoofika, lakini ujirani ukaongezeka. Kuanzia 1915 zilishonwa nguo; mwaka 1917 zikaonyeshwa picha za watoto wa shule wa mwalimu Marion Richardson, na jioni za Alhamisi klabu ya Omega ikawakutanisha waandishi na wachoraji. Mwaka 1919 duka lilifungwa, bidhaa zikiuzwa kwa bei ya kutupa.

Leo michoro mingi ya Omega imehifadhiwa katika jumba la Courtauld, London. Wataalamu huichunguza mstari kwa mstari wapate kusema huu ni mkono wa Bell, ule wa Grant. Kuhusu kitambaa cha dibaji, uchunguzi wa namna hiyo hauna pa kuanzia: Fry aliandika Kongo tu, bila kijiji wala kabila.