Pasteli, Nili na Mapipa ya Sufu Ulaya

Kabla ya nili ya India kufika kwa wingi, sufu ya Ulaya ilitiwa rangi ya buluu kwa pasteli (Isatis tinctoria), mmea wa jamii ya kabichi uliolimwa hasa pande za Toulouse nchini Ufaransa, Thuringia nchini Ujerumani, na Uingereza. Majani yalisagwa, yakafinyangwa madonge na kukaushwa. Baadaye madonge yalipondwa, yakaloweshwa na kuachwa yachachuke kwa wiki kadhaa. Kazi hii ilitoa uvundo mkali, na mwaka 1585 Malkia Elizabeth I alizuia kilimo cha pasteli karibu na miji ya soko na makasri yake.

Rangi iliyomo katika pasteli ni nili, ile ile ya mnili wa India. Nili haiyeyuki majini, hivyo haiwezi kuingia ndani ya unyuzi mpaka ipokee elektroni na kugeuka namna ya manjano inayoyeyuka majini. Sufu ikishainywa na kutolewa hewani, buluu hurudi. Waliofanya kazi ya kuipa nili elektroni katika pipa la kutilia rangi ni bakteria, viumbe ambavyo mtia rangi wa zama hizo hakujua kuwa vipo. Alichojua ni kulilea pipa. Alilipa joto la wastani, majivu, pumba za ngano na unga wa mizizi ya rubia, akalinusa na kulitazama povu lake, kisha akaongeza pumba lilipolegea au chokaa lilipochachuka kupita kiasi. Malezi hayo yaliifaa sufu, ambayo ni protini na huliwa na alkali kali.

Nili ya India ilipoanza kushindana na pasteli, wakulima waliingiwa na hofu. Mwaka 1609 Mfalme Henri IV wa Ufaransa aliweka adhabu ya kifo kwa waliotumia nili. Sheria hazikufua dafu, kwa kuwa unga wa nili ulibeba rangi nyingi mno kuliko majani ya Ulaya. Hata hivyo pasteli haikufa, na hili ndilo jambo la kustaajabisha zaidi katika historia yake. Watia rangi wa sufu waliendelea kuitia katika mapipa ya nili, si kwa ajili ya buluu yake kidogo, bali kwa sababu iliyachachusha. Kutoka rangi ikawa chachu. Kampuni ya BASF ilianza kuuza nili ya kiwandani mwaka 1897, na kemikali zikachukua nafasi ya vijidudu, lakini Uingereza ililima pasteli kibiashara hadi miaka ya 1930.

Mwaka 1999 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Reading na wenzao walieleza bakteria waliyemtoa katika pipa la pasteli lililotengenezwa kwa mtindo wa kale. Walimpa jina Clostridium isatidis. Hustawi kwenye joto la nyuzi 50 hivi na huyeyusha nili bila alkali kali. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba kemikali zilizomo katika rubia humsaidia bakteria huyo kuifikishia nili elektroni.