Kiungulia

Kiungulia ni hali ya kuhisi moto kifuani inayotokea asidi ya tumbo inapopanda kwenye umio. Huzidi baada ya mlo mzito, mtu anapolala akiwa ameshiba, na wakati wa ujauzito.

Katika eneo la Mlima Meru, mkoani Arusha, magadi hutumiwa kulainisha maharage na makande. Kwa kuwa ni alikali, hupunguza ukali wa asidi. Hata hivyo, magadi huweza kuwa na floridi nyingi, kama yalivyo maji mengi ya eneo hilo. Floridi ikizidi huharibu meno na mifupa.

Njia salama zaidi ni kula kidogo kidogo, kuacha saa 2 hadi 3 zipite kabla ya kulala, na kuinua kitanda upande wa kichwani. Anayetapika damu, anayepata choo cheusi au anayeshindwa kumeza awahi hospitali.